Stika Nyekundu Mguuni mwa Zawena

Usingizi unanipitia mchana kweupe, nimekaa sakafuni nyuma ya ukumbi, mgongo nimeuegemeza kwenye mablanketi tunayofungia picha, kwa sababu ni wiki ya maonyesho na tangu Jumatatu Mama Kemilembe hajakaa, na yeye asipokaa mimi nakaa vipi. Yeye ni mkusanyaji wa picha, mimi ndiye ninayezifunga na kuzifungua. Nasikia miguu ya watu inapita upande wa pili wa ukuta, inapita, inapita, halafu ukuta wenyewe unasogea kama pazia na mimi niko upande ule, nimesimama kwenye barabara nyeupe ya baridi isiyo na mbingu, kuta huku na kuta huku, na siku za wiki zimekuwa miji. Naingia Jumatatu, natokea Alhamisi, nakata kona nakuta Jumatatu tena, watu walewale na glasi zilezile za juisi, wanabusiana mashavu bila kugusana. Mbele naona mgongo wa Mama Kemilembe, anakwenda haraka, ana ukumbi mwingine wa kuwahi, na mwingine baada ya huo, lakini mimi simfuati yeye, natafuta picha ya mwanangu. Zawena wangu. Alifariki mwaka jana, masika yanaanza. Simu iliyokuwa na picha zake tuliibiwa, sura yake imebaki mahali pamoja tu, kwenye picha ya rangi aliyoichora jirani yetu kaka Chilumba, na kaka Chilumba akaiuza, na aliyenunua ni Mama Kemilembe, nami nikaenda kuomba kazi kwake ili niwe karibu nayo. Namfuta vumbi mwanangu kila asubuhi na sijamwambia mtu. Na wiki hii picha inauzwa.

Pembeni ya barabara amesimama mwenyeji wa pale, ana kitambulisho shingoni na shati lililonyooshwa vizuri, lakini penye uso ana kitambaa cheupe cha kuchorea, kimevutwa na kugongewa misumari, hakijaguswa na brashi. Samahani kaka, namuuliza, picha ya mtoto wa gauni la njano iko mji gani? Anasema, iko pale ambapo wote wanaiona na mmoja tu anaitazama. Namwambia, kaka, mimi nimeishia darasa la saba, wewe niambie kushoto au kulia. Anacheka, kitambaa kinatikisika. Ana miaka mingapi huyo mtoto? Minne. Tangu lini? Namwambia, tangu alipoacha kuongeza. Basi nenda mbele mpaka urudi, anasema, na anajikunja kama karatasi. Nakwenda mbele mpaka narudi, na namkuta. Zawena yuko ukutani, gauni la njano, mkono mmoja umeshika kiti cha kaka Chilumba, na mbele yake wanawake wawili wenye manukato. Shoga, hii si itakaa vizuri juu ya sofa langu la kijani? Lile si ulimpa wifi yako? Nimemnyang'anya, hana adabu. Wanacheka mpaka juisi inamwagika. Lakini mtoto mwenyewe mbona kanuna hivi? Nataka kuwaambia hakununa, alibanwa na mkojo, kaka Chilumba alimwomba asubiri kidogo tu, na mimi nikamwambia tulia mama, na akatulia. Mdomo wangu hautoi kitu. Mwenye sofa anatikisa kichwa kukubali, na Mama Kemilembe anafika akihema, mkononi ana stika nyekundu. Ndivyo wanavyofanya watu hawa, picha ikishauzwa haishushwi, inawekewa stika nyekundu kwenye kile kikaratasi cha jina pembeni yake, inaendelea kuning'inia mpaka Jumapili, imeshakwenda na bado ipo. Lakini Mama Kemilembe wiki imemchosha, macho yako kwenye simu, na stika anaibandika kwenye picha yenyewe, juu ya mguu wa mwanangu. Kisha wote wanaondoka, mji mzima tunabaki mimi na yeye. Mama, anasema Zawena, hiki nini? Stika. Kinawasha. Vumilia kidogo. Nitoe basi nishuke, nimechoka kusimama. Nainama, naingiza ukucha chini ya stika taratibu, inaanza kubanduka, na rangi inabanduka nayo. Kwanza kidole gumba, halafu vile vidogo vyote, halafu mguu mpaka kifundo, na pale mguu ulipokuwa pamebaki kitambaa cheupe. Zawena hapigi kelele. Anaangalia chini, anauliza, mama, sasa nitashuka na nini? Nikiendelea kubandua namfuta, nikiacha wanamchukua, nalijua hilo kama mtu anavyojua mambo ndotoni, bila kuambiwa. Nairudisha rangi mahali pake, kidole kimoja kimoja, naikandamiza stika juu yake kwa gumba langu mwenyewe mpaka inashika. Pole mama, namwambia. Anasema, lakini mpaka Jumapili, eti? Mpaka Jumapili. Nageuka, Mama Kemilembe amerudi, anauliza, Stumai, unalia nini? Na mdomo wangu unafunguka, namwambia, huyu ni mwanangu, mama, naomba usimtoe, na midomo yake inaanza kujibu, na badala ya jibu nasikia jina langu.

Stumai. Stumai we! Nafumbua macho. Mama Kemilembe amesimama juu yangu, viatu kavishika mkononi, miguu imemvimba. Usingizi gani huo, gari limeshafika, tunachelewa ukumbi mwingine. Nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote. Mama, nasema, yule mtoto wa gauni la njano ni mwanangu. Ananitazama, wala hashtuki. Umeshaniambia, anasema polepole, kama anaongea na mgonjwa. Nimekuambia lini? Si umeniambia, Stumai, na ukalia, na mimi nikakujibu. Nashika sakafu, ni ya baridi, lakini baridi hata kule ndotoni ilikuwepo. Ulinijibu nini, mama? Anavuta pumzi aseme, na simu yake inaita. Ananionyesha kiganja, ngoja kidogo, anageukia pembeni, anaanza kuongea na mtu mwingine habari za picha nyingine. Nangoja.