Mwanga Uliopita Kingi

Katembo alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki pale Karuba, katika milima ya Masisi, na alikuwa na ugonjwa mmoja: mwanga. Mteja akiwa na mvi tu, kabla hajaulizwa anataka cheni au taa, aliulizwa kama zamani aliwahi kuona kitu angani upande wa Kingi. Mkewe, Kasoki, alisema siku moja watauza habari za mbinguni na kula hewa.

Ugonjwa huo aliurithi. Baba yake, Mbusa, alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Butembo. Jioni moja, akitoka Walikale na shehena ya mawese, alifika Kingi akaona mwanga mkubwa ukipita juu ya milima bila sauti. Akaliacha lori barabarani. Aliporudi alfajiri hakukuta hata bidoni moja ya mafuta. Tajiri akamuuliza alikuwa wapi usiku kucha. Mbusa akajibu tu, "Niliona mwanga." Tangu hapo wafanyabiashara wa Karuba wakamwita Nyota, yaani mwizi mwenye hadithi nzuri, na usukani hakupewa tena. Alikufa na jina hilo. Katembo akabaki mtoto wa Nyota, hata mbele ya watoto wake mwenyewe, na alitaka jambo moja tu: watu wajue kwamba baba yake hakudanganya.

Lakini kuchunguza mambo ya angani ni kazi ya kumkondesha mtu. Mtaalamu mmoja wa Ulaya alimjibu kwa simu, kwa adabu zote. Huenda kilikuwa kimondo, huenda kipande cha roketi kikirudi duniani, ila bila tarehe yeye hawezi kusema neno. Katembo akawauliza wazee tarehe. Wote wakamwambia ulikuwa mwaka wa volkano. Katika milima ile, kusema mwaka wa volkano ni sawa na kusema siku ya mvua.

Halafu kulikuwa na kosa lake mwenyewe. Aliuchora mwanga jinsi baba yake alivyousimulia, duara lenye mkia, akawaonyesha mashahidi ili awasaidie kukumbuka. Wakakumbuka vizuri mno. Wote walikuwa wameona duara lenye mkia, hata Papa Rukundo, mzee wa Rubaya, ambaye baadaye alikiri kwamba alihamia Masisi lori lile likiwa limeshakuwa vyuma chakavu. Mgeni haondoki mikono mitupu, hata akija kuomba kumbukumbu. Katembo alikasirika, akautia mchoro ule kwenye moto wa Kasoki.

Akabaki Mama Dorothée wa Kingi, mkulima wa Kihunde aliyekuwa amekimbilia Walikale wakati wa vita na kurudi majuzi. Macho yake yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo hakuna mchoro ambao ungemharibu. Katembo alimkuta uani akichambua maharage kwa vidole.

"Mama, ule mwanga ulikuwa namna gani?"

"Mwekundu. Ulipita, ukakatika vipande, ukaisha. Mbele ya mutu kumaliza sala ya Baba Yetu, ulikuwa umeisha." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Bote munauliza mwanga. Hakuna hata mumoja anauliza mutu."

"Mutu gani?"

"Shofere wa lori."

Katembo akakaa chini palepale kwenye majani.

"Nilikuwa natoka shamba peke yangu," Mama Dorothée alisema, "na mimba yangu ya kwanza. Uchungu ukanishika kwa barabara. Ule mwanga ukapita, batu wakakimbia. Yeye alisimamisha lori, akaangalia juu, kisha akasikia mie nalia. Mikono yake ndiyo ilipokea mutoto. Akatubeba mpaka kwa mama yangu, ng'ambo ya kilima. Lakini kwetu mwanaume hakaribie mwanamuke mwenye kuzaa. Bwana yangu angejua, angenifukuza. Nilimuomba asiseme, akaniapia." Vidole vikatulia. "Alisema?"

"Hapana, Mama. Alisema mwanga tu."

Katembo alilia bila kuficha. Alimhurumia baba yake na wakati huohuo alimkasirikia, kwa miaka yote ile ya kuchekwa akiwa na jibu mdomoni.

"Bwana yangu iko kwa Mungu sasa," mama alisema. "Sema tu." Kisha akageuza uso upande wa shamba, akaita, "Mbusa, kuya usalimie mugeni."

Mwanamume mwenye mvi za kwanza akaja na jembe begani. Katembo alimtazama asiamini. Kwa Wanande, kabila la Katembo na baba yake, Mbusa ni jina la mtoto wa kiume wa sita. Huyu alikuwa Mhunde, tena kifungua mimba.

"Bwana yangu aliulizaka jina ile inatoka wapi," mama alisema. "Nikamujibu, niliisikia kwa barabara, nikaipenda."

Jumapili, baada ya misa, wafanyabiashara walikuwa wameketi mbele ya maduka ya Karuba. Mmoja akaita, "Mutoto wa Nyota, umepata mwanga wako?"

"Hapana," Katembo alisema. "Ulikuwa nini, sijui." Akamvuta mbele mtu aliyekuja naye. "Huyu anatoka Kingi. Ni Muhunde, kifungua mimba ya mama yake. Anaitwa Mbusa."

Mmoja alianza kucheka, kisha akakunja uso, kama mtu anayehesabu watoto wa nyumba ya wengine.

"Wa kwanza, na iko Mbusa? Nani alimupa ile jina?"

"Papa yangu," Katembo alisema, akavuta benchi mgeni wake akae. Kisha akawasimulia ya usiku ule wa barabarani, na wote wakamsikiliza.