Mpaka wa Sauti ya Baba

Baba alipoinua faneli ya mbao mdomoni, ng'ombe waliacha kutafuna. Au ndivyo nilivyotaka kuamini, nikiwa nimesimama mwisho wa malisho, ukingoni mwa genge lililoporomoka hadi bondeni, kitambaa cheupe mkononi. Ikipita kwenye faneli ile, ambayo asubuhi tuliichujia maziwa, sauti yake ilitoka nene, ikamwita Maria na watakatifu wa mifugo, ikagonga mwamba, ikarudi. Nikiisikia, nilipunga kitambaa ili ajue imefika. Ng'ombe aliyelala ndani ya sauti ile radi haikumpata, wala genge halikumvuta. Aliyelala nje yake hakuwa na mdhamini. Kwetu hayo hayakuwa mambo ya kujadili. Ilikuwa kazi ya jioni, kama kukamua.

"Upepo ukiwa mzuri," Gebhard mkamuaji alipenda kusema, "mzee anavuka mpaka, anawabariki ng'ombe wa Austria bure. Nchi yenyewe hii upana wa kitambaa cha meza."

Mwaka ule, kabla theluji haijayeyuka, daktari wa ng'ambo ya mto Rhine alimweleza baba habari mbaya za koo lake. Baba akasikiliza, akavaa kofia, na Juni ilipofika akapandisha ng'ombe wa kijiji mlimani kama kawaida. Mimi nilikuwa msichana, na msichana hakuishika faneli. Gebhard naye alikataa kuita badala yake.

"Mimi na watakatifu hatusalimiani, Burga."

Julai, jioni moja, pale gengeni nilisikia kengele za ng'ombe tu. Sikupunga. Kesho yake, jua likiwa bado juu, niliwasogeza ng'ombe chini hadi kwenye jiwe la chumvi, nikasimama hapo. Nikaisikia. Nikapunga. Macho ya baba yalikuwa mabovu tangu zamani; aliona weupe tu, akaridhika.

Sauti ikazidi kufifia, nami nikazidi kuwasogeza. Agosti kundi zima lililala limezunguka kibanda chetu, pua zao dirishani; baba aliposikia kengele alidhani wamekuja kukamuliwa tu.

"We Burga, wapangaji wako hawa wamelipa kodi?"

"Niache, Gebhard."

"Kule juu nyasi zinafika magotini, huku wanalamba mawe. Jibini nitengeneze kwa mate?"

"Kule hasikiki."

Akaacha kucheka. "Basi mwambie."

"Mwambie wewe."

Hakumwambia.

Baba alijionea mwenyewe. Asubuhi moja alitoka na ndoo, akachuchumaa, akapapasa ardhi. Palikuwa na matope na alama za kwato. Ng'ombe mmoja alikuwa akiguguna mbao za ukuta wetu. Baba akainua uso kuelekea kule juu kulikokuwa kijani.

"Tangu lini?" Sauti yake ilikwaruza.

"Tangu Julai. Lakini kila nilipopunga nilikuwa nimekusikia, baba. Kweli."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alichukua fimbo akawaswaga mwenyewe hadi gengeni, akisimama kila mara kukohoa.

"Waache washibe," alisema aliporudi.

Jioni ile faneli haikutoka kwenye msumari wake. Wala jioni iliyofuata. Wiki hiyo radi zilipasua misonobari, nasi tukalala macho, kila mmoja akijua mwenzake hajalala. Maziwa yakarudi. Gebhard akaanza tena kupiga mluzi.

Septemba tuliwashusha ng'ombe wakiwa na maua vichwani, kama ilivyo desturi. Wenye ng'ombe walipanga mstari langoni mwa kijiji, kila mmoja akipapasa mbavu za ng'ombe wake, wakifurahia unene. Mmoja akampiga baba begani.

"Kilian, mwaka huu sala zako zimefanya kazi."

Baba, ambaye tangu Agosti hakuishika faneli, akatikisa kichwa, akanigeukia.

"Wote?"

"Wote, baba. Hakuanguka hata mmoja."

Watu wakaondoka na mifugo yao. Yeye alibaki langoni, akiitazama njia ya mlimani, kama mtu anayesubiri kuletewa habari kwamba kuna mmoja hajaonekana.