Kufuli za Mzee Kobe

Pale sokoni Nachingwea, kila mwenye simu ya maana alikuwa akifuatilia katuni ya Kijiji cha Ngedere, na kila mtu alikuwa akitazama kinachotazamwa: Mwenyekiti Nguruwe akitumbukia topeni, Bi Kanga akizozana na vifaranga vyake. Hafidha, fundi cherehani, alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe. Yeye alitaka kusoma gazeti.

Gazeti lenyewe liliitwa Mbiu ya Ngedere. Kila kipindi kilianza na Mwenyekiti Nguruwe akinywa chai huku amelifungua, likaonekana kufumba na kufumbua, kisha akalikunja na vituko vikaanza. Hafidha aliisimamisha picha kwa kidole, akaikuza, akasoma mpaka pembezoni. "Jogoo akanusha kuwika." "Kisima chapatikana, aliyekipoteza aje na maelezo." Kuna mtu mahali fulani alikaa kitako akayaandika maneno yale madogo huku akijua hakuna wa kuyasoma. Jambo hilo lilimwasha Hafidha. Ni nani huyo, na kilimsumbua nini?

Asubuhi moja, gauni la mteja likiwa nusu kwenye mashine, akakuta hili chini ya tangazo la dawa ya kupe:

"TANZIA. Mzee Kobe hatunaye. Baiskeli yake aliifunga kwa kufuli mbili, hata akiwa ameikalia. Hakuwahi kupotea njia. Njia ya Chiola ndiyo iliyohama. Ameacha mjane, mikorosho iliyozoea kugombezwa, na pengo."

Mguu ukaacha kukanyaga cherehani. Huyo hakuwa kobe. Huyo alikuwa baba yake, Mzee Masoudi wa Ruponda, aliyefariki wakati wa palizi. Na ile safari ya Chiola, ambayo mzee aliapa kwamba njia ndiyo iliyomkosea, haijapata kusimuliwa nje ya ua wao.

Alikasirika, tena sana. Lakini udadisi wa Hafidha haukuwahi kushindwa na hasira, basi akarudi kwenye vipindi vya nyuma, kimoja baada ya kingine, mpaka mteja akaja akalikuta gauni lake vilevile. Mzee Kobe alikuwa amejaa gazetini. "Kobe ahutubia mkorosho, mkorosho waahidi kubadilika." "Kobe asusia ugali, adai mpishi aliimba kupita kiasi." Hapo Hafidha akaweka simu chini. Mama yake kweli huimba akisonga ugali, na mgeni pekee aliyewahi kuula ugali ule na kuucheka ususiaji wenyewe alikuwa Agapiti.

Agapiti ni mtu wa Matambarale, upande wa Ruangwa. Ukoo wao na ukoo wa Mzee Masoudi ni watani tangu enzi za mababu, na utani huo haukujali nani anakwenda msikitini na nani kanisani. Baba yake alipokufa, Agapiti alirithi kazi ya kumtukana Mzee Masoudi, akaifanya vizuri mno, mpaka mzee asipomwona kwa muda alikuwa akinuna. Kisha kijana akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya kuchora, namba yake ikafa, na msiba ulipotokea hakuna aliyejua pa kumpata. Watani wengine walikuja wakafanya kidogo, lakini yeye ndiye aliyetakiwa kuvaa kanzu ya marehemu, atembee kama yeye, agombe kama yeye, kisha akamate kitu cha marehemu na kukishikilia mpaka wafiwa wakikomboe. Hakutokea.

Kwa hiyo baiskeli ilikuwa bado imefungwa kwenye nguzo ya baraza. Arobaini ilipita, eda ikaisha, na Bi Mwantumu, mama yake Hafidha, hakumruhusu mtu kuigusa. Alisema si yake kuitoa, msiba wake haujafungwa. Tangu siku ya msiba hakuna aliyemsikia akicheka, wala akiimba jikoni.

Hilo ndilo lililomtia Hafidha hofu njia nzima kwenye bodaboda ya kwenda Ruponda. Mtani kwa kawaida hukusema mbele yako. Huyu amesema mbele ya nchi nzima, kwa maandishi ya sisimizi. Je, ni utani, au ni kumdhalilisha maiti? Kama ni la pili, atakuwa amempelekea mama kidonda kipya.

Bi Mwantumu hakuwa na macho ya herufi zile. Hafidha akamsomea. Mama alisikiliza huku akiitazama baiskeli.

"Rudia hapo pa kufuli," akasema.

Hafidha akarudia. Mabega ya mama yakaanza kutikisika, akajifunika uso kwa kanga, na kilichotoka ndani ya ile kanga kilikuwa kicheko, kisha kilio, kisha kicheko tena. Hafidha naye akalia, kwa furaha tupu.

"Mjinga huyu," mama akasema alipopata pumzi. "Kumbe alikuja. Ila kakosea. Zilikuwa tatu."

Jioni ileile, kwenye maoni chini ya kipindi, katikati ya watu waliokuwa wakimcheka Nguruwe, Hafidha aliandika kuwa kufuli zilikuwa tatu na mjane ndiye anayesema hivyo. Hakuweka jina. Akasubiri kipindi kipya kwa moyo usiotulia, na kilipotoka, akaisimamisha picha kwenye meza ya chai.

"MASAHIHISHO. Kufuli zilikuwa tatu. Mhariri alipata habari za msiba kwa kuchelewa, akaona aibu kuja mikono mitupu. Jumamosi atafika kuikamata baiskeli, na hataki maneno."

Alimpigia mama akamsomea. Mama akauliza kama maduka ya vifaa bado yako wazi huko mjini.

"Ninunulie ya nne," akasema. "Kubwa."

Kabla simu haijakatika, Hafidha alimsikia akirudi jikoni, akiimba.