Mfuko wa Maganda

Mwaka ule wa foleni za sabuni, Sajini Polycarp, fundi wa helikopta za jeshi, aliingia kibandani kwangu nilikoshonea, mtaa wa Gerezani, na turubai kwapani.

"Shikamoo, Mama Sabaha."

"Marahaba, mwanangu. Unataka hema?"

"Mfuko." Akashusha sauti. Helikopta yao ilikuwa imetengenezwa upya na kufungwa rashasha mlangoni. Keshokutwa wangeijaribu angani, waone kama ndege na bunduki vinapatana. Maganda ya risasi yakitawanyika yangepiga pangaboi la mkiani, na watu watatu wangeanguka nayo. Mfuko ufungwe chini ya bunduki, uyadake. "Na usimwambie mtu."

Mimi, mjane wa darasa la nne, nikajiona mhandisi. Nikapiga mishono mitatumitatu, Bismillahi kila nilipobadili uzi. Kesho yake jioni Polycarp akaja kuuchukua. Nikamsindikiza kwa macho ya majivuno hadi akakata kona.

Asubuhi ya majaribio, nimemaliza uradi, nikamwona jirani yangu Kijakazi anakwenda Kariakoo, mfuko wake unaning'inia mkononi. Mikono ya kushikia! Miaka kumi na minne nawashonea wachuuzi, hata vidole vyangu havijui mfuko usio na mikono. Nilikuwa nimewashonea wanajeshi mfuko wa nyanya! Upepo ungeing'oa mikono ile na kuitupa kulekule kwenye pangaboi.

Nikachukua mkasi, nikadandia lori hadi kambini, kanga upande. Mlinzi wa lango akaniangalia.

"Bibi, unamfuata nani na mkasi?"

"Polycarp. Nina neno naye." Siri ya watu sikuitoa.

"Kha! Kakukosea nini?"

Polycarp akaja na rubani, Kapteni Awadhi. Nikaungama yote. Polycarp akashika kichwa. "Na mimi niliubeba kwa mikono hiyohiyo, nikauona mzuri!"

Kapteni hakucheka. Akauleta mfuko. "Kata mwenyewe, mama." Nikakata, nikapiga magoti, nikavuta kila mshono kwa meno.

Wakaruka. Nikataka kuwaombea, kwa kiwewe ikanitoka dua ya kula. Nikaimaliza hivyohivyo, Mungu anajua nia. Mbali huko rashasha ikalia, ikanyamaza, ikalia tena.

Waliposhuka, Kapteni akamwaga maganda chini, chungu nzima, bado ya moto.

"Hakuna lililoponyoka," akasema. "Tushonee mingine minne."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikamsogezea kipande cha karatasi. "Lakini nichoree kwanza, baba."