Koti la Nahodha

Fundi cherehani alikuwa amekata shauri: televisheni iondoke. Mwaka mzima ilikaa sebuleni imefunikwa kipande cha pazia kilichobaki kwenye kazi ya mteja, na kila akipita mbele yake aligeuzia uso ukutani. Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, msusi mwenye mdomo usio na breki.

"Njoo Jumapili uichukue. Hapa inakula vumbi tu."

Shemeji alifika mchana, akakuta vyombo vya chakula cha mchana cha fundi bado viko mezani. Badala ya kubeba televisheni, akaifunua, akavuta kiti, akakaa.

"Nitaichukua, shem. Ila kwanza tumalizie ile tamthilia ya dada. Wanarudia za mwaka jana, na leo saa kumi ni sehemu ileile mliyoikatisha."

"Sitaki."

"Basi sibebi. Jitwishe mwenyewe."

Kwa miaka tisa, kila Jumapili, fundi na mkewe walitazama tamthilia moja ya chombo kinachozurura angani. Waliipenda na kuicheka kwa pumzi moja. Sayari zote zilifanana na machimbo ya kokoto. Viumbe wenye mapembe walitoka huko kusikojulikana na kuongea Kiswahili kilichonyooka kuliko cha diwani. Chombo kikitikisika wote walianguka chini, maana kwa ujuzi wao wote hakuna aliyewaza kufunga mkanda. Lakini kilichomkera fundi hasa ni koti la nahodha. Lilikatwa fupi mgongoni. Kila akisimama lilipanda, naye akalivuta chini kwa mikono miwili.

"Wamefika kwenye nyota," fundi alifoka, "na hawana fundi hata mmoja wa kushusha upindo!"

Mkewe ndiye aliyeigeuza kero ile kuwa mchezo. Wakawa wanahesabu nahodha amelivuta koti mara ngapi. Hesabu ikigawanyika sawa kwa wawili, mke anaosha vyombo vya mchana; ikibaki moja, anaosha mume. Na mke alikuwa mwizi. Akiona nahodha anasimama na hesabu inataka kumgeukia, alipaliwa. Alikohoa mpaka mumewe akageuka kumpiga mgongoni, na koti likavutwa bila shahidi. Fundi aliujua wizi huo tangu mwaka wa kwanza. Alinyamaza, akaosha.

Jumapili ya mwisho walikuwa wamefika tatu, mkewe akashika tumbo. Hospitalini mashine ya kumpima ilikuwepo, nzima, imefungiwa chumbani. Ufunguo ulikuwa kwa mkubwa wa hospitali, na mkubwa alikuwa kikaoni. Fundi alizunguka milango yote akibembeleza makarani. Kikao kiliisha saa moja usiku. Mkewe aliondoka duniani saa kumi na mbili jioni. Tangu hapo fundi hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye kiti kinachozunguka, awe ofisini, awe angani.

Saa kumi shemeji akaiwasha, muziki ukalia, chombo kikapita mbele ya nyota zilezile za karatasi. Fundi alikaa upande, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mitambo ilipolipuka, cheche zilimrukia kijana wa zamu. Nahodha hata unywele haukumsogea.

"Umeona?" fundi akaropoka. "Wakubwa hata huko juu hawaungui!"

Shemeji akacheka. Fundi naye kidogo acheke, ila ikaja sehemu ya daktari. Daktari alimpitishia mgonjwa kadude kama kitana, mgonjwa akaketi na kuomba chai. Fundi akainuka kuizima.

"Kitana tu, mtu mzima! Wala hawaulizi ufunguo uko kwa nani!"

"Shem," shemeji akasema taratibu, "tumefika ngapi?"

"Sita," akajibu, kabla hajajua kwamba alikuwa anahesabu. Akarudi kukaa.

Ya saba ilikuja nahodha alipoagana na wenye mapembe. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akatoa hotuba ndefu kuhusu ujasiri wa vijana aliowatuma kuungua, na mwisho akaanza kuinuka. Koti likapanda. Mikono ikashuka kuufuata upindo.

Shemeji akapaliwa.

Kilikuwa kikohozi kilekile cha mkewe, chenye mkwaruzo na mkono kifuani. Fundi aligeuka bila kufikiri, akampiga mgongoni mara mbili, kama alivyozoea. Alipotazama tena, majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda.

"Ngapi?" shemeji akauliza, macho makavu kabisa.

Fundi akageukia vyombo mezani.

"Saba."

"Ukigawa?"

"Inabaki moja." Akaanza kukunja mikono ya shati. "Nani kakufundisha wizi huo?"

"Dada. Pale kitandani hospitalini, wewe unahangaika na ufunguo. Aliniambia, 'Nikichelewa kurudi, usimwache ashinde. Atavimba kichwa.' Akanifanyisha mazoezi mpaka muuguzi akatukemea."

Fundi alisimama na sahani mkononi. Saa zile za kungoja alikuwa amezihesabu zote kuwa mali ya wakubwa, hata dakika moja hajawahi kuwasamehe. Kumbe mkewe alikuwa ndani ya saa hizohizo anacheka, anampangia vyombo vya kuosha.

Akafungua bomba. Akaosha sahani, akaosha sufuria, akairudia ileile sufuria.

"Asante," akasema, kichwa ameinamisha kwenye povu.

"Unaniambia mimi?"

"Nyamaza, ukaushe vyombo."

Shemeji akachukua kitambaa. Walipomaliza akaenda sebuleni, akaizunguka televisheni, akaishika kwa pembeni.

"Haya, nibebe?"

"Iache," fundi akasema. Kile kipande cha pazia kilikuwa kimeshaingia chini ya sindano ya cherehani, naye anakikunja upindo. "Ni nzito hiyo. Itakuvunja shingo."