Mikono ya Jasi ya Benadeta

Jumanne, baada ya kuwamwagia mbuzi maganda ya ndizi, Benadeta alijipaka samli mikononi hadi juu ya vifundo, akakaa jikoni na kukandamiza mkono wa kulia kwenye udongo wa kichuguu alioukanda jana yake. Kiganja alikibonyeza kwenye bonge moja, mgongo wa mkono kwenye la pili. Akayafunga mabonge pamoja kwa kamba ya mgomba, akamimina ndani uji wa jasi, ile ambayo mafundi huipiga kwenye dari. Kesho yake akafanya wa kushoto.

Hakuwa akitafuta pambo. Wiki mbili kabla, shemeji yake Rwegoshora alileta karatasi iliyosema kwamba Benadeta, mjane wa marehemu Dastan, amemwachia kibanja chote: nyumba, mibuni, migomba, na kaburi la Dastan lililo katikati ya migomba hiyo. Chini palikuwa na dole gumba la wino wa zambarau. Benadeta alikuwa katibu wa kwaya kwa miaka kumi na moja na hakuwahi kuweka dole popote. Alitia sahihi, tena yenye mkia mrefu. Lakini dole lile alilitambua kwa kovu la kisu cha kumenyea ndizi. Tangu siku hiyo aliishuku mikono yake mwenyewe, akawa anailalia usiku isiende mahali. Mwishowe aliona afadhali awe nayo mezani, aitazame kwa mbali, kwa kuwa mikono iliyo mwilini inajua kuficha mambo.

Alipopasua udongo, mikono ilitoka mizima, ukubwa uleule, kila kucha mahali pake. Ijumaa aliporudi kutoka shambani aliikuta imemenya ndizi za mchana na kupanga maganda upande mmoja, kama anavyoyapanga yeye. Akaziinjika.

Kumenya hakukumtia shaka. Kilichomtia shaka ni saa tisa alasiri. Saa hiyo mkono wa kulia ulilegea, kifundo kikainuka kama kilichoshikwa na mtu, na gumba likabonyezwa mezani mara tatu, likaacha alama tatu za zambarau. Kisha mkono ukalazwa chini taratibu. Jumamosi ikawa hivyohivyo. Benadeta alisogeza taa, akaona kwenye jasi ya kifundo umbo la plasta ndogo iliyoshikilia sindano ya dripu, na kando yake mashimo ya vidole vya mtu. Kile cha kati kilikuwa kifupi. Kidole cha kati cha Rwegoshora kililiwa nusu na mashine ya kukobolea kahawa.

Basi dole lilichukuliwa Februari, Benadeta alipofanyiwa operesheni na kulala kwa dawa siku nzima. Rwegoshora ndiye aliyeshinda kando ya kitanda, na Benadeta alipopona alimpelekea jogoo kumshukuru. Hilo la jogoo ndilo lililomuuma zaidi.

Jumapili, baada ya ibada, ukoo ulikaa kikao barazani kwake kuhusu ile karatasi. Mikono ya jasi ilizungusha kikapu cha kahawa ya kutafuna. Wazee walichukua, wakatafuna. Mzee Eliud, msemaji wa ukoo, aliishukuru, kwa kuwa yeye ni mtu wa adabu. Rwegoshora alipokea kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni mwa koti tangu alipofika.

Saa tisa mkono ulilegea, ukainuliwa, ukabonyeza mara tatu. Wote waliona.

“Shemeji,” Benadeta alisema, “toa mkono mfukoni, uulaze kwenye haya mashimo.”

Rwegoshora alisema anasikia baridi. Hakuna aliyemsisitizia. Mzee Eliud aliiweka karatasi kando ya alama mbichi, akalinganisha mstari kwa mstari, kovu kwa kovu, kisha akamgeukia Benadeta.

“Mwanangu, ulisema hili si dole lako?”

“Nilisema sikuliweka mimi, Baba. Niliwekewa nimelala.”

“Aliyeliweka hatukumuuliza. Tumeuliza dole ni la nani.”

Wazee wakasogea kutazama, mmoja baada ya mwingine, na wote wakakubali kwamba ni la Benadeta, na kwamba ushahidi alioleta ulikuwa mzuri sana.

Alihamia Isingiro kwa kaka yake, na godoro na daftari la kwaya. Alitaka kuondoka na mikono, lakini Rwegoshora alieleza kwamba udongo ulitoka kwenye kichuguu cha kibanja, na wazee wakaona ni haki. Kaburini hakuruhusiwa kukaa sana, maana migomba ilikuwa inapaliliwa.

Sasa mikono inammenyea ndizi Costansia, mke wa Rwegoshora, ambaye huisifu kwa wepesi wake wa kumenya. Inapokaribia saa tisa yeye huondoa sahani mapema na kutandika karatasi ya nailoni, kwa kuwa wino ule hautoki kwa sabuni. Mkono unapomaliza, yeye hupangusa na kuzirudisha sahani mezani.