Kivuli Kilichotoroka

Jumanne moja ya Novemba 1957, Waceke alikuwa akigeuza kahawa kwenye vitanda vya kukaushia, katika shamba moja nje ya Ruiru, alipoona kivuli cha mumewe kimelala juu ya kitanda cha tano. Mwili haukuwepo. Alikitambua kwa bega la kushoto, lililoinama kuliko la kulia. Akaendelea kugeuza.

Mumewe, Ndung'u, aliitwa stoo mwaka 1954, siku ya msako wa Mau Mau, na hakutoka. Faili yake katika ofisi ya wilaya huko Thika ilikuwa na neno moja: "Ametoroka." Kwa neno hilo Waceke hakuruhusiwa kukusanya watu wamlilie. Mke wa mtoro haombolezi, huhojiwa. Miaka mitatu alikuwa akiomba neno hilo lifutwe.

Jared, karani wa mizani, alilitazama jua kupitia kigae cha kioo alichokipaka masizi, akamwambia Waceke:

"Mama Ngendo, mwaka ule wa msako lilikuwa safi, halina doa. Sasa madoa yamejaa. Yakizidi, hewa inayolizunguka jua huwaka zaidi kwa mwanga tusiouona, ule ulio nje ya urujuani. Wakati ule haukutosha kumwonyesha."

"Utatosha hadi lini?"

"Miaka michache. Kisha jua litatulia tena."

Nyapara Munyao akafika, mikono mfukoni. "Mama Ngendo, mwambie mzee wako asogee. Kahawa yangu haikauki."

"Mwambie wewe. Si wewe uliyemwita stoo? Mwite tena."

Munyao akaenda kupiga simu Thika.

Afisa alikuja Alhamisi na faili na utepe. Alikipima kivuli kutoka utosini hadi kisiginoni, akalinganisha na maandishi ya kipande cha Ndung'u, kitambulisho chake cha kazi, akaridhika. Kichwani palikuwa na tundu. Jua lilipenya hapo na kuangukia punje tatu za kahawa. Alilipima hilo pia.

"Basi andika aliuawa, Bwana," Waceke alisema.

"Aliuawa vipi, na yuko hapa kazini?"

Akakata "Ametoroka", akaandika "Amerudi", akapiga muhuri.

Wiki hiyo hiyo meneja aligundua kwamba kahawa iliyo chini ya kivuli haipasuki maganda kwa jua la mchana. Akaamuru magunia ya kufunikia yarudishwe ghalani, na vitanda visogezwe kwa zamu hadi kwa Ndung'u. Saa sita ilipogonga, Waceke alishika upande mmoja wa kitanda, Jared mwingine, wakasogeza.

Jumapili alivaa kitambaa cheusi, akaenda kwa chifu kuomba ruhusa ya kumlilia marehemu. Karani wa chifu alifungua daftari, akafuata mstari kwa kidole, akalifunga.

"Mama, mumeo yuko kazini," alisema. "Nani anayefuata?"